Yai Lililoiva Halirudi Ubichi: Uoksidishaji na Maradhi ya Macho

Jua linapoanza kutua Jang'ombe, vichochoro vya mtaa huu wa Ng'ambo, mjini Unguja, hujaa harufu ya mkaa na mafuta ya kukaangia. Mfikirie bibi wa miaka sitini na mitano ambaye kwa nusu ya umri wake amekaa nyuma ya karai akikaanga bagia na mandazi. Siku hizi hazioni tena kokwa za adesi zinazobakia katika unga. Noti ya elfu mbili na ya elfu kumi huzitofautisha kwa kuuliza. Taa za gari zikimulika, humwona kila mteja ndani ya ukungu. Mjukuu wake amemletea kichupa cha matone chenye maandishi yanayodai kwamba dawa hiyo "husafisha sumu za oksijeni" na kuondoa mtoto wa jicho bila ya upasuaji.

"Bibi, tia haya, hutahitaji kisu."

"Na yasipofaa, mjukuu wangu?"

Bibi huyu si mtu mmoja mahususi. Ni sura ya wagonjwa wengi wanaofika kliniki za macho wakiwa wamechelewa. Hata hivyo swali lake ni la haki, na linastahili jibu kamili. Maandishi ya kichupa kile hayakukosea yote. Ni kweli kwamba oksijeni inahusika katika kuharibika kwa jicho. Kosa limo katika hitimisho linalotolewa kutokana na ukweli huo, na kosa hilo limewagharimu watu macho yao.

Mafuta na yai

Uoksidishaji si jambo geni kwa mtu anayepika. Mafuta yanayoachwa wazi siku nyingi, au yanayochemshwa tena na tena, hubadilika rangi, huwa mazito na kutoa uvundo. Kilichotokea ni kwamba oksijeni imeshambulia molekuli za mafuta na kuzivunja. Shambulio hilo lina tabia ya moto wa makuti: molekuli moja ikishika, huiambukiza jirani yake, na jirani naye humwambukiza wa pili, mpaka kitokee kitu cha kuukata mnyororo huo.

Ndani ya mwili, shambulio huanzishwa na radikali huru, yaani molekuli zilizopungukiwa na elektroni ambazo hunyakua elektroni kutoka kwa molekuli yoyote iliyo karibu. Si lazima zitoke nje. Mitokondria za seli huzizalisha kila siku zinapotumia oksijeni kutengeneza nishati. Mwanga mkali, moshi wa tumbaku na sukari nyingi katika damu huziongeza. Mwili una walinzi wake: vimeng'enya maalumu, vitamini C na E, na kemikali ndogo iitwayo glutathioni. Afya ya tishu hutegemea mizani kati ya washambuliaji na walinzi hao.

Protini nazo huumia, lakini kwa namna nyingine. Ute wa yai bichi hupitisha mwanga kwa sababu protini zake zimekunjwa vizuri na kuelea kila moja peke yake. Zikikunjuka na kushikana, ute huwa mweupe, na mwanga haupiti tena. Katika karai kinachofanya kazi hiyo ni joto. Katika jicho sehemu kubwa ya kazi hufanywa na uoksidishaji, taratibu, kwa miaka mingi. Matokeo yanafanana, na yanafanana pia katika jambo zito zaidi: yai lililoiva halirudi ubichi.

Lenzi: tishu isiyobadilisha protini zake

Nyuma ya mboni ya jicho imekaa lenzi, kito kidogo chenye uwazi kinacholenga picha kwenye retina. Zaidi ya theluthi moja ya uzito wake ni protini, kiwango kilicho miongoni mwa vikubwa kabisa mwilini. Sehemu kubwa ya protini hizo huitwa kristalini. Ili lenzi ipitishe mwanga, seli zake za ndani hutupa kiini, mitokondria na karibu kila kilichomo ambacho kingezuia nuru. Uwazi huo una gharama yake. Seli isiyo na kiini haiwezi kutengeneza protini mpya.

Ngozi hujitengeneza upya kila baada ya wiki chache, na chembe nyekundu za damu huishi takriban siku 120. Kristalini zilizo katikati ya lenzi ziliundwa mtu akiwa tumboni mwa mama yake au katika utoto wake, na atazeeka nazo. Kila athari ya jua, ya moshi na ya sukari huandikwa juu ya protini zile zile.

Kwa muda mrefu glutathioni huzilinda. Huzalishwa kwa wingi katika tabaka za nje za lenzi na kusafiri kuelekea katikati. Mtu akifika umri wa kati, safari hiyo huwa ngumu na kiini cha lenzi hupungukiwa na mlinzi wake. Hapo sehemu za protini zenye salfa huanza kuoksidishwa na kufungana, kama nyuzi zilizoachiwa zitatizane. Aina moja ya kristalini, iitwayo alfa, hufanya kazi ya mlezi: huzishika protini zilizoanza kukunjuka zisigandamane. Lakini mlezi naye huchoka. Vikundi vya protini vinapokua, hutawanya mwanga, na lenzi hugeuka njano, kahawia, mwishoni nyeupe. Huyo ndiye mtoto wa jicho, sababu ya kwanza ya upofu duniani.

Ushahidi kwamba oksijeni ni mshiriki halisi umetoka pia kwa wagonjwa wenyewe. Nchini Sweden, katika miaka ya 1980, ilibainika kwamba wagonjwa waliotibiwa kwa muda mrefu kwa oksijeni ya mgandamizo mkubwa walipata mtoto wa jicho katika kiini cha lenzi. Vilevile, watu wenye umri mkubwa wanaoondolewa ute wa ndani wa jicho kwa upasuaji wa retina mara nyingi hupata mtoto wa jicho ndani ya miaka miwili, kwa kuwa ute huo ulikuwa ukizuia oksijeni isiifikie lenzi kwa wingi.

Retina: mafuta mbele ya mwanga

Ikiwa lenzi ni habari ya yai, retina ni habari ya mafuta. Seli zake zinazopokea mwanga zina ncha zilizojaa tabaka za utando, na tabaka hizo zimesheheni asidi ya mafuta iitwayo DHA, ile ile ipatikanayo kwa wingi katika samaki kama vibua, jodari na dagaa. DHA huufanya utando uwe laini na mwepesi, jambo ambalo uoni unalihitaji. Lakini ulaini huo hutokana na muundo ambao oksijeni huuvunja kwa urahisi. Tena retina hutumia oksijeni nyingi kwa uzito wake kuliko karibu tishu yoyote nyingine, na hupigwa na mwanga mchana kutwa. Mafuta mepesi, oksijeni tele na mwanga mkali: vitu vitatu ambavyo mpishi yeyote huviepusha na chupa ya mafuta vimekutanishwa mahali pamoja.

Maumbile yameweka utaratibu wa usafi. Kila siku seli za mwanga humwaga takriban sehemu moja ya kumi ya ncha zao, na tabaka la seli zenye rangi lililo nyuma yake huzimeza na kuzisaga. Miaka inavyopita, mabaki ya mafuta na protini zilizooksidishwa hushindwa kusagika na hubakia ndani ya seli hizo kama masizi. Mengine hujikusanya chini yake kama vidonge vidogo vya njano. Katikati ya retina, mahali paitwapo makula, mrundikano huo ni sehemu ya ugonjwa wa kuchakaa kwa makula unaowapata wazee. Mgonjwa huanza kuona mistari iliyonyooka ikipinda na uso wa mtu ukiwa na doa katikati. Ugonjwa huu huripotiwa kidogo zaidi kwa Waafrika kuliko kwa Wazungu, lakini upo.

Sukari, moshi na jua

Uoksidishaji hautoki mbinguni kama mvua. Una vyanzo, na vitatu kati yake vinaweza kupunguzwa.

Cha kwanza ni kisukari. Sukari ikizidi katika damu, mitokondria za seli za mishipa midogo huzidiwa na kumwaga radikali huru. Sukari hujibandika pia kwenye protini na kuzikakamaza. Katika lenzi, sehemu ya sukari hiyo hugeuzwa kuwa sorbitoli, na ugeuzaji huo hutumia akiba ile ile ambayo glutathioni huitegemea ili kujirejesha. Kwa hiyo adui huongezeka wakati mlinzi anapungua. Mishipa ya retina huvuja, huziba, kisha huota mingine dhaifu inayopasuka. Yote haya huweza kutokea bila maumivu na bila mgonjwa kuona tofauti yoyote.

Habari njema ni kwamba hapa kinga imepimwa. Utafiti wa DCCT wa Marekani na Kanada, uliotangazwa mwaka 1993, ulionesha kwamba udhibiti mkali wa sukari kwa wenye kisukari cha aina ya kwanza ulipunguza uwezekano wa retina kuanza kuathirika kwa asilimia 76. Mwaka 1998 utafiti wa UKPDS wa Uingereza ulithibitisha kwamba udhibiti wa sukari, na wa shinikizo la damu, hulinda mishipa midogo pia kwa wenye aina ya pili.

Chanzo cha pili ni moshi. Sigara huongeza hatari ya mtoto wa jicho wa kiini cha lenzi na ya kuchakaa kwa makula. Moshi wa jikoni nao si wa kupuuzwa. Tafiti za India na Nepal zimeuhusisha moshi wa kuni na nishati nyingine za aina hiyo na mtoto wa jicho kwa wanawake wanaopika ndani. Kuhamishia jiko barazani au penye dirisha, na kutumia gesi pale uwezo unaporuhusu, ni kinga ya macho kama ilivyo kinga ya mapafu.

Cha tatu ni jua. Unguja iko takriban nyuzi sita kusini mwa ikweta, na mionzi ya urujuanimno ni mikali mwaka mzima. Mwaka 1988 watafiti waliowachunguza wavuvi 838 wa Chesapeake Bay, nchini Marekani, walikuta kwamba waliopata mionzi mingi zaidi ya aina hiyo walikuwa na hatari kubwa zaidi ya mtoto wa jicho wa tabaka la nje la lenzi. Mvuvi wa Unguja na mama anayelima mwani hupigwa na jua kutoka juu, na tena na mng'ao unaorudi kutoka majini na mchangani. Kofia yenye ukingo mpana, mtandio uliovutwa mbele na miwani yenye kinga ya urujuanimno hupunguza mzigo huo. Miwani nyeusi isiyo na kinga hiyo haitoshi, kwa kuwa weusi peke yake hupunguza mwanga unaoonekana tu.

Karafuu na kichupa

Ikiwa uoksidishaji ndio adui, kwa nini tusitie jichoni kitu kinachouzuia? Hapa Unguja yenyewe inatoa funzo. Karafuu, kwa sababu ya kemikali yake iitwayo eujenoli, ni miongoni mwa viungo vyenye nguvu kubwa ya kuzuia uoksidishaji vinapopimwa katika chupa ya maabara. Lakini tone la mafuta ya karafuu likiingia jichoni huunguza kioo cha mbele cha jicho. Kinachofaa ndani ya chupa si lazima kifae ndani ya jicho.

Matone ya asetili-kanosini, yanayouzwa kwa madai ya kuyeyusha mtoto wa jicho, yalichunguzwa na wataalamu wa Cochrane mwaka 2017, na hawakupata ushahidi wa kuridhisha kwamba yanarudisha uwazi wa lenzi au kuzuia isiharibike. Mwaka 2015 kemikali ya lanosteroli ilileta matumaini makubwa baada ya majaribio kwa mbwa; majaribio ya baadaye juu ya lenzi za binadamu hayakurudia mafanikio hayo. Vidonge vya vitamini C, E na beta-karotini navyo havikuonesha faida dhidi ya mtoto wa jicho katika majaribio makubwa.

Kwa retina jibu ni tofauti kidogo, na tofauti hiyo ielezwe kwa uangalifu. Jaribio la AREDS la Marekani, lililotangazwa mwaka 2001, lilionesha kwamba mchanganyiko wa vitamini C, vitamini E, beta-karotini, zinki na shaba ulipunguza kwa takriban asilimia 25, katika miaka mitano, uwezekano wa makula iliyokwisha chakaa kiasi kufikia hatua ya mwisho. Haukurudisha uoni uliopotea, haukuwafaa wenye macho mazima, wala haukumzuia mtoto wa jicho. Toleo la pili, AREDS2, la mwaka 2013, lilibadilisha beta-karotini kwa luteini na zeaksanthini. Sababu ni nzito: mwaka 1994 utafiti wa Finland uliohusisha wavutaji sigara zaidi ya 29,000 ulikuta saratani ya mapafu ikiongezeka kwa asilimia 18 kwa waliopewa beta-karotini. Vidonge vya kuzuia uoksidishaji navyo ni dawa, na dawa huwa na madhara.

Luteini na zeaksanthini hupatikana katika mchicha, matembele, kisamvu na kiini cha yai. Mapera, machungwa na mapapai yana vitamini C. Mlo wa mboga za majani, matunda na samaki unafaa kwa mwili mzima, na hakuna anayehitaji cheti cha daktari ili aule. Lakini mboga hulinda kilichopo tu. Hazifui lenzi iliyokwisha kuganda.

Baadhi ya matone yanayouzwa bila ya cheti cha daktari huwa na steroidi. Jicho hutulia na wekundu huondoka, mgonjwa akafurahi. Yakitumiwa kwa muda mrefu bila uangalizi, matone hayo husababisha mtoto wa jicho na hupandisha presha ya jicho, inayoua mshipa wa uoni kimya kimya.

Kinachorudisha nuru

Kwa kuwa protini zilizogandamana hazikunjuliwi, dawa ya mtoto wa jicho ni kuitoa lenzi iliyoharibika na kuweka nyingine. Tarehe 29 Novemba 1949, katika Hospitali ya St Thomas' mjini London, daktari Harold Ridley alianza kumwekea mgonjwa lenzi ya bandia. Alikuwa ameona kwamba vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege za kivita, vilivyoingia machoni mwa marubani, havikukataliwa na jicho. Leo upasuaji huo hufanywa kwa ganzi ya jicho peke yake, mara nyingi kwa muda usiozidi nusu saa, na mgonjwa hurudi kwao siku ile ile au ya pili yake. Plastiki ile haina kristalini za kuoksidishwa, kwa hiyo mtoto wa jicho harudi. Utando unaoishikilia lenzi huweza kufifia baadaye, na huo hufunguliwa kwa leza bila kulazwa.

Imani ya zamani kwamba mtoto wa jicho lazima "aive" kwanza haina nafasi tena. Upasuaji hufanywa pale ukungu unapomzuia mtu kufanya shughuli zake. Akiachwa mpaka aive kupita kiasi, lenzi huvimba au huvuja protini zake ndani ya jicho, presha hupanda ghafla, na jicho lililokuwa la kutibika kwa nusu saa hupofuka moja kwa moja. Hapo ndipo kichupa cha matone huonesha bei yake halisi: kinachopotea ni miezi ambayo jicho lilikuwa bado linaokolewa, na fedha ni hasara ndogo kuliko hiyo.

Kwa mhudumu wa afya na mgonjwa

Kila mwenye kisukari cha aina ya pili apimwe retina, kwa mboni iliyopanuliwa au kwa picha, mara tu anapogunduliwa, kisha kila mwaka. Wa aina ya kwanza aanze ifikapo miaka mitano ya ugonjwa. Mjamzito mwenye kisukari apimwe mapema katika ujauzito. Asisubiri kuona vibaya.

Mgonjwa apimwe uoni wa kila jicho peke yake, jingine likifunikwa, kwani jicho zima huficha ubovu wa mwenzake. Nyumbani, mzee aangalie fremu ya mlango kwa jicho moja moja. Mstari ukipinda, afike kliniki bila kuchelewa.

Mboni nyeupe kwa mtu mzima huashiria mtoto wa jicho; ikiandamana na maumivu na wekundu ni dharura ya siku hiyo hiyo. Mboni nyeupe kwa mtoto mchanga au mdogo ni dharura vilevile, kwani huweza kuwa saratani ya jicho au mtoto wa jicho wa kuzaliwa, na ubongo wa mtoto hauwezi kusubiri kujifunza kuona.

Mgonjwa aulizwe, kwa upole na bila kumfedhehesha, ni matone gani anayatumia. Achukue kichupa chake aje nacho.

Na bibi wa Jang'ombe? Jibu la swali lake ni kwamba matone yale hayatafaa, na ni afadhali alijue leo kuliko mwakani. Kutoka barazani kwake mpaka kitengo cha macho cha Hospitali ya Mnazi Mmoja si safari ndefu. Kilicho kirefu ni kipindi cha kuahirisha. Mjukuu aliyekwenda duka la dawa kwa mapenzi ya bibi yake ana uwezo wa kufanya jambo jingine kwa mapenzi yale yale: amshike mkono, amsindikize akapimwe, na sukari yake ipimwe siku hiyo hiyo. Mkaa wa karai utasubiri mpaka warudi.